Gavana ya Mashine ya Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa pampu za dizeli, Nyamasaria. Mchumba wangu aliponiambia kwamba mashine ya kusaga ya mama yake kule Pap Onditi imeshindwa kutulia, mara inanguruma, mara inataka kuzima, nilimshukuru Mungu. Mama huyo alikuwa hajasema kama atakubali nimwoe bintiye. Nikajua nikiirekebisha, kesi imekwisha. Nilivaa shati jeupe. Ovaroli niliiacha makusudi, nisionekane kibarua.

Kwetu Waluo, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mikono, hawaketi pamoja. Mama alikalia magunia matupu karibu na mlango wa chumba cha mashine, akanipa mgongo, akaongea nami kupitia bintiye aliyesimama katikati, ingawa kila neno nililisikia.

“Uliza yeye kama amewahi fungua hii kitu.”

“Mama anauliza kama umewahi fungua hii kitu.”

“Mwambie nafungua kila siku.”

Gavana kazi yake ni kupima mafuta: injini ikikimbia inapunguza, ikilemewa inaongeza. Springi ya hii ilikuwa imelegea. Nilitoa chujio la hewa, nikafungua pampu, nikaikaza springi, nikafunika kwa maringo huku wateja wenye mahindi wakinitazama. Kwa maringo hayo nikasahau kurudisha pini inayoiwezesha gavana kupunguza mafuta.

Mashine ikawaka. Ikapanda, ikazidi kupanda. Nikavuta mkono wa kuzima, wapi! Mabati yakatetemeka, unga ukajaa hewani, wateja wakatoka mbio na madebe yao. Mama aliinuka tu, hakukimbia. Mashine hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake, na sasa alikuwa ameigeukia, mikono kichwani, akilia kwamba inapasuka.

Dizeli iliyopata wazimu huzimwa kwa kunyimwa hewa. Nilihitaji gunia. Magunia yote yalikuwa miguuni pa mama mkwe, na hapo mimi sisogei hata nyumba ikiungua. Nikavua shati, nikalisokomeza kwenye tundu la hewa nililoliacha bila chujio. Mashine ikakohoa, ikanyamaza.

Kumbe nimesimama kifua wazi mbele ya mama mkwe! Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alijifunika uso kwa leso, akatoka, bintiye nyuma yake. Nilichomoa shati limeraruka, nikabaki nikirudisha ile pini huku machozi yakinilengalenga, maana yule msichana nilimpenda kweli, na posa yangu nilikuwa nimeshaizika. Nilipoiwasha tena, mashine ilitulia vizuri kabisa. Sikufurahi hata kidogo.

Mchumba wangu alirudi ameshika shati la marehemu baba yake, anajiuma midomo asicheke.

“Mama anasema hakuona kitu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Lakini anauliza nikishaolewa nitakuwa nakupikia nini, juu hizo mbavu zimemtisha.”