Kiti Kitupu cha Mheshimiwa Bridget

Mheshimiwa Bridget Jepkosgei ndiye mbunge wa kwanza niliyemwona akiosha sufuria. Kila baada ya ibada kanisani kwetu hapa Springfield, Amerika, alikuwa anakunja mikono ya gauni na kuingia jikoni na kina mama. "Nimeogesha wazee wa Fairfax miaka mingi, sufuria ndiyo itanishinda?" Jiko zima lilikuwa linacheka.

Kwao ni Bomet. Alipofika Amerika alitunza wazee, huku akisoma, mpaka akawa nesi. Alipogombea ubunge wa jimbo kule Woodbridge, watunzaji wenzake ndio waliomgongea milango: Wakenya, Wakongo, Warundi, wengine bado wamevaa nguo za kazi. Walimtuma jambo moja tu: sheria ya kumlipa mtunzaji siku anazougua, asilazimike kwenda kazini na homa.

Mwaka huu muswada huo ukafika mbele ya kamati yake huko Richmond, kwenye bunge la jimbo. Mwenyekiti hakuutaka. Ni mzee sana, na ndiye aliyempokea Bridget alipoingia bungeni, akamwonyesha kila kitu. Asubuhi ya kura alimwomba asimpinge mbele ya watu.

Sasa, nyumbani kwa babake Bridget, mkubwa hapingwi hadharani. Ukikataa neno lake unainuka, unatoka nje kimya, na wote wanaelewa umekataa. Basi Bridget akainuka, akatoka. Lakini Richmond hakuna aliyeelewa. Waliona kiti kitupu, wakaendelea. Kura zikalingana, na kwenye kamati hiyo zikilingana muswada umekufa.

Jumapili, pasta akamwita asalimie kanisa, kama tunavyofanya akija mtu wa serikali. Vigelegele! Mama Gaudiose, Mrundi anayetunza wazee mpaka leo, na kiongozi wa kina mama, akawahi maiki.

"Tumesikia sheria yetu imeanguka. Si kitu! Wale watu walikuzidi nguvu, dada yetu. Sisi tutakurudisha bungeni tena, ama?"

"Eeeh!"

Kusema ukweli, hapo angesema asante akaketi, na nani angejua? Nilikuwa mstari wa pili. Nilimwona akipokea maiki.

"Hawakunizidi," akasema. "Ilibaki kura moja. Hiyo moja ilikuwa yangu, na sikuipiga."

"Ulikuwa mgonjwa?" Mama Gaudiose akauliza kwa upole.

"Hapana, mama. Nilikuwa kwenye korido. Niliona haya kumpinga mzee."

"Na sisi je, hukutuonea haya?" Sauti ya mama mmoja kutoka nyuma.

Bridget aliangalia zulia. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Sijui kwa nini aibu ya mtu mzima inachoma hata watu ambao hawajafanya kitu.

Mama Gaudiose hakupaza sauti. "Januari nilimwogesha bibi ninayemtunza nikiwa na homa, kwa sababu nikikosa silipwi. Nikamwambukiza. Akalazwa. Mimi hilo nitalibeba." Akamsogelea Bridget. "Mwakani ukiirudisha hiyo sheria, tunapanda basi la kanisa, tunakuja Richmond, tunakaa nyuma yako. Ukiinuka, tutakuona."

"Njooni," Bridget akasema.

Akarudisha maiki. Pasta alichukua muda mrefu sana kutafuta wimbo.