Babu Aliyebatizwa Mara Mbili

Ivy Tapscott aliolewa na Ron Plumley mwaka wa 1938, na tangu siku hiyo hakuna mtu kijijini Haddlecote aliyethubutu kumwita Bi Plumley. Kanisani alitia sahihi jina la mumewe kwa sababu kasisi alikuwa amemsimamia. Alipovuka kizingiti akalirudia la baba yake na kwenda nalo. Ron, fundi wa mapaa asiyependa makuu, alizoea kuitwa mume wa Tapscott, na walipomuuliza kama haimuumi alijibu kwamba yeye alioa mke, hakuoa jina.

Jina lenyewe lilikuwa na kazi. Kila Jumatatu ya Pentekoste, Haddlecote na Pilbrook, vijiji viwili vya Somerset vinavyotazamana kwenye kijito kimoja chenye daraja la mawe, huvutana kamba. Watu kumi na wawili upande huu, kumi na wawili upande ule, na wanaoshindwa huburutwa majini na viatu vyao. Kila upande una mwitaji, anayesimama kando ya kamba na kuwaitia watu wake wavute kwa pamoja. Mwitaji wa Haddlecote alikuwa Tapscott tangu watu waanze kukumbuka. Baba yake Ivy aliita mpaka mapafu yakamgomea, kisha akamrithisha binti yake, kwa kuwa hakujaliwa mwana wa kiume, na kwa kuwa, tuseme kweli, hakuna mwanamume pale aliyekuwa na koo kama lile. Ivy alipika shuleni miaka ishirini na tisa. Sauti iliyonyamazisha watoto mia na themanini wanaogombea pudingi haikuwa na sababu ya kuiogopa Pilbrook.

Na Pilbrook aliisema, jamani. Alisema watu wa kule huzaliwa wameshalowa, ndiyo maana kuburutwa hakuwaumi. Alisema mwanamume wa Pilbrook akipotea, mkewe hungoja wiki nzima kwanza aone kama kuna tofauti. Vijembe hivyo vilimfikia Clifford Yeo, mwenye bucha mstaafu na mwitaji wa Pilbrook, naye kila mwaka alimrudishia vyake, na wote wawili wakalala vizuri. Lakini wahenga walituonya: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.

Kosa lake Ivy halikuwa vijembe. Kosa lilikuwa kanuni. Mwaka wa 1979 mafua yalimlaza wiki moja kabla ya kamba, na Beryl Goodland, katibu wa kamati, akajitolea kuita badala yake. Beryl alikuwa ameishi Haddlecote miaka thelathini na kuzaa hapo watoto wanne, ila yeye mwenyewe alizaliwa Pilbrook. Ivy aliposikia aliinuka kitandani, akajitanda blanketi, akaenda mpaka kwenye mkutano na kutangaza kwa sauti iliyokwaruza kwamba mwitaji wa Haddlecote lazima awe wa damu ya Haddlecote, tangu mzizi. Kamati ikakubali, maana nani angembishia. Beryl ndiye aliyeiandika kanuni hiyo daftarini, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na aliiandika kwa mwandiko mzuri sana.

Ikapita miaka mitano. Mwezi wa Februari 1984, wakati wa kugawana majukumu, Beryl alifungua daftari lile, akamwongezea Ivy chai, akasema kwa upole kwamba kanuni ni nzuri lakini haijawahi kupimwa kwa mtu. Kwa hiyo kamati ingeshukuru kama mwitaji angeleta karatasi inayoonyesha mzizi wake kabla ya Pentekoste. Asiyekuwa nayo angekaa na watazamaji. Ivy akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. "Karatasi?" alisema. "Mwenzangu, nitakuletea gunia zima."

Basi kila Jumanne Ron alimpeleka mjini, kwenye ofisi ya nyaraka, yeye akabaki garini na gazeti na kipande cha pai ya nguruwe. Mle ndani kulikuwa na masharti matatu: uandike kwa penseli tu, usiingie na chai, na usipaze sauti. La tatu ndilo lililomtesa. Alikaa mbele ya mashine inayokuza picha za madaftari ya kanisa, akizungusha mpini wa mashine polepole, na makarani waliokufa zamani wakampitia mmoja mmoja na miandiko yao, mwingine kama kuku aliyekanyaga wino. Akampata baba yake. Akampata babu yake, na baba wa babu. Wote wamebatizwa Haddlecote, wameoa Haddlecote, wamezikwa Haddlecote. Jumanne ya nne akamfikia babu wa babu yake, Jesse, na hapo kicheko kikamkatika.

Kitabu cha Haddlecote, tarehe kumi na nne Februari 1793, kilisema: Jesse, mtoto wa Ann Tapscott, mwanamke mpita njia. Amezaliwa Pilbrook, si wa parokia hii.

Ivy aliisoma mara tatu. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Pilbrook haikufutika. Garini alikaa kimya njia nzima, na Ron, aliyekuwa hajawahi kusikia kimya hicho tangu harusi, alidhani mtu amefariki.

Usidhani alikata tamaa. Jumanne iliyofuata aliomba kitabu cha Pilbrook, kwa nia ya kukikuta kitupu, maana kama Jesse hayumo kule basi karani wa Haddlecote alikuwa amelewa pombe ya matufaha, jambo ambalo halikuwa geni. Jesse alikuwamo. Tarehe kumi na sita Februari, siku mbili baadaye, mtoto yule yule na mama yule yule: amebatizwa, amezaliwa Haddlecote, si mzigo wetu.

Ivy nusura avunje sharti la tatu. Kitabu cha maadui zake kilikuwa kimempa kijiji chake! Alinakili mstari huo kwa penseli, herufi kubwa, akaukunja na kuutia kwenye mkoba. Ule mwingine hakuunakili. Alijiambia penseli imeisha ncha.

"Umempata na wewe, eh?" sauti ilisema pembeni yake, chinichini.

Alikuwa Clifford Yeo, amekaa kwenye mashine ya pili na suti yake ya mazishini, mikono mikubwa ya kibucha imeshika penseli kama mtu aliyeshika sindano. Alikuja kutafuta mababu zake, akasema, kwa kuwa binti yake wa Kanada ameomba. Ivy alijaribu kuufunika mkoba kwa kiwiko. Clifford hakuutazama. Alimsukumia daftari nene, si la ubatizo, bali la wasimamizi wa maskini wa Pilbrook, wale waliopewa kazi ya kulisha wasio na kitu, na kazi hiyo waliichukia.

"Soma, bibie," alisema. "Usinitazame hivyo. Soma kwanza."

Ivy akasoma. Kwa sheria za siku zile, mtoto asiye na baba wa kumtaja alikuwa wa parokia alikozaliwa, na ndiyo ingemlisha. Kwa hiyo Ann Tapscott alipoonekana Haddlecote na uchungu umeshamshika, wasimamizi wa huko walimkamata huku na huku na kumpeleka darajani aende akazalie Pilbrook. Pilbrook wakapata habari. Wakaweka watu wawili upande wao wa daraja, wamsukume arudi. Haddlecote nao wakaweka wawili. Toka asubuhi mpaka jua kuzama, siku ya baridi kali, mwanamke yule alikwenda hatua kumi huku na hatua kumi huku, mpaka hakuweza tena, akakaa katikati ya daraja na kujifungua kwenye mawe. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndivyo tujuavyo, lakini hawa kila mmoja alivutia kwa mwenzake. Makasisi nao wakambatiza mtoto mara mbili, si kwa kumpenda, ila kila mmoja apate kuandika kwamba si wake.

Mwisho waliafikiana kumlisha kwa zamu, mwaka huku, mwaka kule. Jesse alipotimiza miaka minane na kuweza kufukuza kunguru mashambani, vijiji vyote viwili vikakumbuka ghafla kwamba ni mtoto wao, vikapelekana kwa hakimu. Haddlecote wakashinda. Kuhusu Ann, hakukuwa na neno jingine tena, wala katika daftari hilo, wala katika vitabu vya mazishi. Ivy alitafuta mpaka ofisi ikafungwa.

"Majina ya wale waliofunga njia yapo, wa upande wenu na wa upande wetu," Clifford alisema wakivaa makoti. "Mmoja wa wetu ni Yeo. Nimekuja kutafuta mashujaa wa kumpelekea binti yangu, nimepata huyo." Kisha akasema kwamba yeye hatamwambia mtu, la kusema ni lake Ivy, na akaenda zake. Ivy alimchukia kwa wema huo kuliko alivyowahi kumchukia kwa jambo jingine.

Nyumbani alimsimulia Ron. Ron alifikiri sana, akisugua kidevu, akasema mstari ule wa penseli haukuwa uongo. Ivy akasema ndiyo, haukuwa uongo. Akasema pia kwamba Beryl alikaa kijijini miaka thelathini na yeye akamfungia njia akiwa amejitanda blanketi, kama wale watu wa darajani. Aliona haya, na hakuzoea kuona haya, kwa hiyo alipika pudingi kubwa kuliko walivyoweza kula.

Jumatatu ya Pentekoste jua lilitoka. Meza za keki na mikate ya mayai zilipangwa kando zote mbili, kamba ikalala ng'ambo hadi ng'ambo, na askari aliyeazimwa kutoka mjini kuwa mwamuzi, kwa kuwa hakuna mwenyeji aliyeaminika, akasimama amekunja mikono. Ivy alikuwa na karatasi mbili. Katika mfuko wa kulia wa koti, mstari wa Pilbrook. Katika wa kushoto, yote, aliyoyanakili baadaye. Beryl alikuja na daftari lake kwapani, akaomba karatasi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja miaka mitano.

Ivy hakumpa. Alitembea mpaka katikati ya daraja, akatoa ya mfuko wa kushoto, akaisoma kwa sauti ile ya pudingi, pande zote zikasikia: kitabu cha Haddlecote, kitabu cha Pilbrook, na daftari la maskini. Jina la Yeo alilisoma. Majina ya watu wa Haddlecote pia aliyasoma, na baadhi ya wajukuu zao walikuwa wameshika kamba. Kisha akamgeukia Beryl. "Kwa kanuni yangu mwenyewe, mimi si wa huku," alisema. "Nilikufungia njia, Beryl, na sikuwa na haki. Nisamehe. Kaite wewe."

Beryl alilifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Alikuwa amejiandalia ushindi, si msamaha, na ilionekana hajui aushike vipi. Mwisho alisema, taratibu kama kawaida yake, kwamba kitabu cha Pilbrook kinasema mtoto alizaliwa Haddlecote, na yeye, aliyezaliwa Pilbrook, anakiamini kitabu cha kwao. Tapscott ni wa Haddlecote.

"Ngoja kwanza," Clifford akaita kutoka ng'ambo. "Chenu kinasema kazaliwa huku. Na sisi tunakiamini chenu. Huyo ni wetu, mleteni."

Hapo kukawa hakuna msikilizano. Haddlecote wakasema hawamtoi. Pilbrook wakasema wameibiwa tangu siku za kunguru. Mwanamke mmoja wa Pilbrook, ambaye watu walidhani kijembe cha kupotea kilimhusu mumewe, alipiga kelele kwamba mdomo kama ule hauwezi kutoka kwingine ila kwao. Askari wa mjini alifungua kitabu chake cha sheria za kamba, hakuona kitu, akakirudisha mfukoni. Mwisho ikakubaliwa kwamba kamba iamue: atakayeshinda ndiye mwenye Tapscott, na kwa kuwa yeye ndiye tuzo, aitie pande zote mbili, kutoka hapo hapo alipo.

Watu ishirini na wanne wakainama, wakaishika kamba, ikakazika juu ya maji. Ivy akainua leso. Chini ya viatu vyake yalikuwa mawe yale yale, yamechakaa katikati. Alisikia upande wa kulia wanamwita kwa jina, na upande wa kushoto wanamwita kwa jina, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi mbele ya Pilbrook nzima, wala hakuyafuta kwa kuwa leso ilikuwa juu.

"Tapscott, ita basi," Clifford alilalamika. "Tunavunjika migongo huku."

"Ngojeni kidogo," alisema Ivy. "Ann alingoja siku nzima."

Wakangoja. Hakuna aliyeiachia kamba. Aliwaacha hivyo mpaka mikono ikaanza kuwatetemeka, ndipo akaishusha leso na kuwaita wote.