Spika Iliyopona

Ukitaka kumkera Bi Gundi, mpelekee spika iliyochanika halafu umwambie aiache hivyo hivyo. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna aliyethubutu. Watu walimletea spika zilizopasuka kwa hotuba, zilizopasuka kwa harusi, na zilizopasuka kwa sababu jirani alikuwa na kubwa zaidi. Alizilaza kifudifudi juu ya benchi, akazigonga mgongoni kwa kifundo cha kidole na kutaja ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, na hata huko herufi mbili zilikuwa zimefutika kwa gundi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Koni mpya za karatasi, zile zinazotetema ndani ya spika na kutoa sauti, zilitundikwa ukutani kwenye misumari, kubwa kwa ndogo, kama kofia za familia yenye vichwa vya kila namna. Koni mbovu alizitupa ndani ya gunia nyuma ya mlango. Juu ya mlango huo alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: HAPA HAITOKI SPIKA INAYOKWARUZA. Hilo halikuwa tangazo. Kilikuwa kiapo.

Jumatatu asubuhi alikuja kijana mmoja amekumbatia amplifaya ya gitaa, ile ya spika na mashine ndani ya sanduku moja, mgongo wazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu na pia mpiga ngoma wa bendi. Waliowahi kumsikia walisema hesabu alizimalizia zote darasani.

"Shikamoo, mama. Hii waya wake unakatika hapa kwenye plagi. Tuungie huo tu. Tuna onyesho Jumamosi saa tisa mchana."

"Marahaba. Mnapiga muziki gani?"

"Roki."

"Ya harusi?"

"Hapana, mama. Ya kusikiliza."

"Kwani ile ya harusi watu huinusa?"

Mwalimu akacheka, akatazama saa, akakimbilia kipindi cha kwanza. Laiti angekaa dakika tano zaidi, mambo yasingeharibika.

Waya ulimchukua Bi Gundi muda wa kupoa kikombe cha chai. Kisha akaligeuza sanduku, akachungulia kwa nyuma, na moyo ukampasuka. Koni ilikuwa imechanika urefu wa kidole, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kipande cha karatasi kilining'inia kama ulimi, na mtu asiye na haya alikuwa amekibandika kwa utepe wa gundi wa kahawia ambao nao ulishakata tamaa. Bi Gundi aliona aibu kwa niaba yao, kama unapomkuta mgeni wako zipu iko wazi mbele ya watu. Vijana wa watu, akajisemea, wamehangaika na uchafu huu bila kujua. Akaibandua koni yote, akapachika mpya, akapaka gundi mizunguko miwili, akaikausha kwa heshima zote. Iwe zawadi yangu, akasema moyoni. Ile ya zamani, kwa kuwa gunia lilikuwa limefurika, akaitupa karibu na jiko.

Mumewe, karani mstaafu wa masjala ambaye hakupoteza karatasi hata moja katika miaka yake yote ya kazi, Jumanne aliiwashia mkaa.

Jumatano jioni alifika mwenye gitaa mwenyewe. Walimwita Msumari, kwa kuwa mwili ulikuwa mwembamba na nywele zote zimejikusanya juu. Mchana alikuwa karani wa mapokezi kwa daktari wa meno, na alikuja moja kwa moja na sare yake nyeupe, kalamu mfukoni. Akachomeka gitaa, akapiga mara moja.

Sauti ilitoka safi kama ya msoma taarifa ya habari.

Akapiga tena. Akasogea nyuma ya sanduku, akainama.

"Bi Gundi, hapa palikuwa na mchaniko."

"Ulikuwepo. Nimeuondoa, wala sikudai kitu."

"Mchaniko ule ndio wimbo wetu."

Bi Gundi alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kikohozi cha mgonjwa ndicho kinachomlisha mgonjwa huyo.

Msumari akaketi kwenye kigoda, akaeleza polepole, kwa sauti ile anayowaambia watu kwamba daktari amechelewa. Bendi yao iliitwa Samahani kwa Usumbufu. Kwa miaka miwili haikuwahi kukusanya zaidi ya watu kumi na mmoja, wawili kati yao mama zao. Halafu wakarekodi wimbo mpya kwa simu, unaoitwa "Kaunta Namba Nne", wa mtu aliyepanga foleni tangu asubuhi na dirisha likafungwa alipofikia yeye. Wimbo ukasambaa. Sasa watu walikuwa wanakuja Jumamosi kuusikia kwa masikio yao, pale kwenye duka la samani linalowaazima nafasi. Mwenye duka alikuwa ameshasema: wakiboronga safari hii, Jumamosi zake atampa bwana mmoja wa semina za ujasiriamali.

"Si kuna vile vikasha vya kukanyaga kwa mguu?" Bi Gundi akauliza. "Vinakwaruza vizuri tu. Nimeshavitengeneza."

"Tumejaribu. Vinakwaruza sawasawa kila mara. Hii yetu ilikuwa inakwaruza ikipenda."

"Ikipenda," Bi Gundi akarudia.

Katika miaka yote hiyo alikuwa amesikia spika zikikoroma, zikipiga chafya, zikinung'unika kama nyuki waliofungiwa. Hakuwahi kufikiria kwamba zinapenda. Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo simu."

Alisikiliza mara saba, kichwa upande, jicho moja limefumbwa. Mara ya kwanza alisikia kasoro. Mara ya tatu alisikia kwamba kasoro ile inakuja kwenye nyuzi nene tu. Mara ya saba akasikia kitu kilichomfanya afumbe na jicho la pili: mahali ambapo mtu wa foleni anaambiwa arudi kesho, gitaa lilikuwa linameza mate kabla ya kujibu.

"Baba watoto," akaita, "ile koni ya jikoni iko wapi?"

"Ile? Nimewashia. Karatasi nzuri sana ile, imeshika mara moja."

Msumari alijiinamia. Bi Gundi akapiga moyo konde, akasema maneno ambayo hakuwahi kuyasema chini ya kibao chake: "Njoo keshokutwa. Nitaichana."

Kusema ni rahisi. Alhamisi alisimama na wembe mbele ya koni yake mpya, na mkono ukagoma. Ni sawa na kumwambia mshona nguo atoboe suruali ya mteja, na matundu yenyewe yawe ya kumpendeza. Akaanza na zile mbovu za kwenye gunia. Aliyoichana kwa wembe ililia kama mbu, mchaniko umenyooka mno. Aliyoichana kwa vidole ilifurukuta kama kuku, mchaniko mpana mno. Akaziloweka ukingo, akazianika dirishani, akazichokoa kwa penseli. Kila alipomaliza moja alichomeka redio ya mumewe, kwa kuwa gitaa halikuwepo, na taarifa ya habari ikasomwa na waziri mwenye mafua, kisha waziri mwenye nyuki, kisha waziri anayezama.

"Huyu wa sasa nimemwelewa vizuri kuliko kawaida," mumewe akasema kutoka sebuleni.

"Nyamaza, nasikiliza."

"Jana unashona, leo unachana. Nikiandika kwenye faili nitaandikaje?"

"Andika kwamba mkeo anasoma."

Ijumaa mchana akajua. Mchaniko wa zamani haukuwa umechanwa na mtu. Ulikuwa umelegea kwa unyevu, mwaka baada ya mwaka, mpaka karatasi ikafunguka yenyewe pale ilipochoka. Basi akailegeza koni ya Msumari kwa kitambaa kibichi, akaiacha, akailegeza tena, halafu akaisukuma kwa kidole gumba mpaka ikaachia. Mlio wa karatasi ulimwingia mpaka kwenye meno. Msumari alipokuja na kupiga, Bi Gundi akaitegea sikio.

"Ni yenyewe?" Bi Gundi akauliza.

"Si yenyewe," Msumari akasema. "Ni dada yake. Lakini wanafanana."

Jumamosi saa tisa, Bi Gundi alijikuta kwenye kochi ambalo bado lilikuwa na nailoni, mkoba mapajani, katikati ya vijana waliovaa makoti kwenye joto la kuchemsha yai. Makochi yote yalijaa na wengine walikaa juu ya meza za kulia chakula. Hakuna aliyecheza. Ilionekana huku kucheza ni kukiri kwamba umefurahi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukiri.

"Mimi niliwapenda zamani," kijana wa kochi la jirani akamwambia, "walipokuwa hawana mashabiki."

"Zamani lini?"

"Wiki iliyopita."

Bendi ikaanza. Wimbo wa kwanza, spika ikakwaruza vizuri, ikipenda. Bi Gundi akatazama nyuso: makoti yanatikisa vichwa polepole kama mawakala wa bima. Wimbo wa pili, akakaa wima. Kulikuwa na kitu. Sauti ilikuwa inasafika. Lile joto la watu na taa, na spika yenyewe ilivyopata moto, vilikuwa vinaikausha karatasi aliyoilegeza jana, na ule ulimi ulikuwa unakakamaa, unarudi mahali pake. Aliyeisikia ikibadilika alikuwa yeye peke yake dukani. Spika ilikuwa inapona.

Msumari akatangaza "Kaunta Namba Nne". Makofi. Akapiga mstari wa kwanza, na gitaa likatoka likiwa limechana nywele na kuvaa tai. Kichwa cha kijana wa jirani kikaacha kutikisika.

Bi Gundi hakufikiri. Aliweka mkoba kwenye kochi, akapita katikati ya makoti, "hodi, wanangu, nipisheni," akazunguka nyuma ya amplifaya na kupiga magoti. Mwalimu akamwona, akakosa pigo, jambo ambalo kwa bahati nzuri lilikuwa la kawaida. Bi Gundi akalamba kidole gumba, akakipitisha kwenye uwazi wa nyuma ya spika mpaka kikaufikia ukingo wa mchaniko, akabonyeza.

Spika ikanguruma.

Duka zima likageuka. Akalegeza kidole, ikanung'unika. Akabonyeza tena, akakilamba, akakirudisha, akiutazama mgongo wa Msumari kujua wapi mtu wa foleni anasogea hatua moja na wapi anasimamishwa. Koni ilimpiga kidoleni, tap tap tap, mpaka kwenye kiwiko, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa nje ya spika akiikagua. Alikuwa ndani. Ikafika pale dirisha linapofungwa. Bi Gundi akakiondoa kidole kabisa. Spika ikatoa sauti safi, ya adabu, ya mtu anayesema asante hata alipofukuzwa. Halafu akabonyeza kwa nguvu zote, na ile adabu ikachanika.

Mwenye duka la samani, aliyesimama mlangoni na karatasi za bwana wa semina mkononi, alikuwa ameziviringa na kuzipigia paja kwa mdundo wa wimbo.

Wimbo ulipokwisha, makelele yakawa makubwa kiasi kwamba nailoni za makochi zililia. Kijana wa koti, yule wa jirani, akamsogelea Bi Gundi, ambaye bado alikuwa amepiga magoti.

"Mama, samahani. Wewe kwenye bendi unapiga nini?"

Bi Gundi akakitazama kidole. Kilikuwa cheusi kwa vumbi la karatasi, kimekufa ganzi.

"Nikishajua nitakwambia," akasema. "Hebu nipishe, wanaanza mwingine."