Komputa Inamjua Baba Mmoja Tu

Admin, nifiche kabisa, maana ndugu zangu wote wako humu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mkongomani, nina mume na mtoto mmoja. Naishi Louisville, upande wa South End, nafunga maboksi kwenye ghala. Nina hasira, kwa hiyo nikiandika ovyo mnisamehe.

Vita ilipotutawanya nilikuwa mtoto, na baba yangu mzazi tukahesabu amekufa. Nilikimbia na baba mdogo, mdogo wake baba yangu, mpaka kambini Tanzania. Kwenye kuandikishwa akaulizwa, "Huyu ni nani wako?" Akajibu, "Ni mtoto yangu." Hakudanganya! Kwetu mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, na mimi tangu nizaliwe namwita "baba" tu. Mwandikishaji akabonyeza kwenye komputa: baba na binti. Miaka baadaye, kwenye interview ya kuja Marekani, wakamuuliza kama amenizaa yeye mwenyewe. Akaogopa watatutenganisha, akasema ndiyo.

Tulifikia Buffalo. Haki yake simnyimi: alikata kuku kiwandani mpaka vidole vikavimba ili mimi nisome, na theluji ya kwanza alinivalisha koti lake, yeye akatetemeka. Baadaye nikaolewa huku Louisville, yeye akahamia Columbus.

Mwaka jana mtu wa kwetu akanitumia sauti kwenye WhatsApp. Baba yangu mzazi! Yuko hai, kambi ileile tuliyotoka sisi, aliingia sisi tumeshaondoka, macho hayaoni vizuri na figo zinamsumbua. Nililia mpaka mwanangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, nani amekufa. Nikamwambia hajafa mtu, kafufuka mtu.

Mimi ni raia sasa, kwa hiyo nikaenda kwa wakili kumwombea baba aje. Akafungua rekodi zangu, akasema, "Lakini baba yako yuko Columbus." Nikamwambia yule ni baba mdogo, nikamtafsiria neno kwa neno. Akauliza, mdogo wa umri au wa kimo? Jamani! Nikacheka huku machozi yananitoka. Akanieleza: rekodi inaweza kurekebishwa, lakini tupimwe damu, na baba mdogo akiri kwamba kwenye interview alisema uongo. Akikiri, anaweza kunyang'anywa makaratasi yake.

Nikapiga Columbus, nikamwambia baba mdogo kwamba kaka yake amepatikana. Akasema, "Nilijua iko hai. Tangu Buffalo."

"Ulijua, baba? Ukaniacha niombe misa ya marehemu kila mwaka?"

"Bon, ningefanya nini? Ukifungua ile dossier, ile faili yetu, banatufukuza sisi bote. Baba ni ule alikulisha."

Akakata simu. Kesho yake mke wake akaniandikia mstari mmoja: shukrani ya punda ni mateke. Mimi ndiye punda! Miaka yote hiyo baba yangu ananiulizia kwa kila anayeingia kambini, na mtu anayejua nilipo amekaa mezani kwangu anakula ugali. Namchukia. Halafu nakumbuka lile koti, nashindwa hata kumchukia vizuri.

Juzi nikampigia baba, nikamwambia mambo yamekwama, kwamba kwa serikali mdogo wake ndiye baba yangu. Nilidhani atalia. Akacheka, mzee wa watu. Akasema, "Mama, usigombane na mdogo wangu. Umuachie akuwe baba. Miye uniandike baba mkubwa. Kwani si ndiyo kweli?"

Kwa sheria ya huku unaruhusiwa kumwombea mume, mzazi, mtoto na ndugu wa tumbo moja. Baba mkubwa hayumo. Sijamwambia.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, nimwangushe aliyenilea au nimwache aliyenizaa afie kambini? Msinitukane, nipeni akili. Leo asubuhi ametuma sauti tena, anauliza kama nimeshamwandika. Nimjibu nini?