Godoro la Koko

Harufu ya klachi inayoungua hunirudisha barabara ya Beni kwenda Butembo, wakati wa vita. Tulikuwa tunakimbia na kombi ya baba. Tulipika humo, tulilala humo, na koko, mama yake baba, aliugulia humo kwenye godoro lake. Kisha mvua ikanyesha na magurudumu yakazama. Nyuma yetu risasi zilisikika.

Tulisukuma hadi klachi ikaanza kunuka. Tukatandika matawi ya mikaratusi, tope likayameza. Baba akaketi palepale, tope hadi kiunoni.

“Nimechoka, mama ya batoto. Tuache motoka, tutembee na miguu.”

“Na koko, nani atamubeba?” mama akauliza.

Koko mwenyewe akajibu kutoka ndani: “Mutoshe hii matelas, muiweke kwa tope.”

“Mais mama, utalala wapi?” baba akapinga.

“Tufike kwanza.”

Tulimkalisha kwenye jiwe, tukalitoa godoro lake na kulitandika mbele ya gurudumu, tukasukuma tena. Gurudumu likalikanyaga godoro, likalipasua, kombi ikatoka. Hakuna aliyeshangilia. Mpaka Butembo tulimpakata koko kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, nilishangaa alivyokuwa mwepesi.