Ng'ombe wa Karo

Watu wakisikia wewe ni mhasibu wa shule ya serikali, hudhani umekalia sanduku la pesa. Mimi nimekalia magunia. Huku kwetu, kati ya Malaba na Busia, mzazi asiye na karo huleta alicho nacho: mahindi, maharagwe, kuni, kuku waliofungwa miguu. Mwalimu mkuu ndiye anayekubali, lakini anayesimama kwenye mizani na kuitwa mwizi ni mimi. Nimetukanwa kwa Kiteso, kwa Kiluhya na kwa Kiganda. Baba mmoja aliwahi kunirushia jogoo usoni kwa sababu nilimwambia jogoo mmoja hawezi kumaliza muhula. Nilimrudishia jogoo wake vilevile, usoni. Mimi si mtu wa kuonewa, na wasichana wetu wanalijua hilo. Wananiita Madam Basa, yaani mhasibu, na nikiingia bwaloni kelele zinakwisha.

Kwa hiyo siku mama mmoja alipoingia akivuta fahali mwekundu, sikushangaa. Nilimjua. Alikuwa mjane wa upande wa Chakol, na binti yake alikuwa kidato cha nne, msichana mrefu, mkimya, anayewashinda wenzake wote kwenye hesabu. Karo yake ilikuwa imelala tangu mwaka uliotangulia, na mwalimu mkuu alikuwa ameshasema kwamba asipolipiwa wiki hiyo aende nyumbani, na mtihani wa taifa ukimkuta huko ni shauri yake. Mama alikuwa amekuja kuzuia hilo. Alisimama mlangoni kwangu akihema, matope mpaka magotini, akaniambia fahali huyo alitoka kwenye mahari ya binti yake mkubwa, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tororo.

Hapo masikio yalinisimama. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ana mwenyewe, na mwenyewe ni kaka. Dada akiolewa, ng'ombe wake ndio wanaomwolea kaka mke. Mjane huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mwendesha bodaboda pale mpakani Malaba, na kila mtu alijua anatafuta mke. Nilimuuliza mama kama kijana ana habari. Akasema mtoto aliyetoka tumboni mwake hawezi kumwekea sheria. Kisha akanieleza habari za yule binti mkubwa: mume anampiga mpaka meno yametoka, na kila akikimbilia nyumbani, kaka yake anampakia kwenye pikipiki na kumrudisha kwa mume, asije akadaiwa ng'ombe.

"Huyo mmoja nimeshapoteza," aliniambia. "Huyu wa pili atasoma."

Nilimpenda papo hapo. Nilimwambia afunge fahali wake kwenye mkaratusi ulio nyuma ya jiko, tumngoje mchinjaji wa sokoni, ambaye ndiye hutukadiria bei ya wanyama wanaoletwa shuleni. Bila bei yake siwezi kuandika risiti.

Kilichotuponza ni kamba. Huku ng'ombe huuzwa, kamba haiuzwi. Mwenye kuuza huja na kamba yake na hurudi nayo nyumbani, kwa sababu kamba ikienda na baraka ya zizi imekwenda. Mnunuzi huleta yake. Sasa shule yetu ina maabara na ina basi, lakini kamba ya ng'ombe haikuwa nayo. Nilimtuma mpishi akanunue sokoni, na mama akakaa kwenye benchi nje ya ofisi yangu akisubiri kamba yake. Angekuwa mtu wa kudharau mila angeiacha akaenda zake. Mke wa mtu haachi kamba ya marehemu mumewe kwa watu.

Lakini barabara hii yetu ina macho. Huwezi kumpitisha fahali mbele ya stendi za bodaboda asubuhi halafu Malaba wasijue kabla ya mchana. Kijana alifika wakati wasichana wako madarasani. Mzee wetu wa getini ni mkali, alishawahi kumsimamisha juani hata mkaguzi kutoka wizarani mpaka nilipotoka mimi. Kijana hakubishana naye. Alimsalimia kwa heshima zote, akasema nyumbani wamemtuma kuchukua kamba.

Mzee akafungua. Baadaye watu walimlaumu sana, mimi sikumlaumu. Mtu akija kuchukua kamba maana yake biashara imekwisha na boma limekubaliana. Hakuna mtu mzima anayedanganya kwa kamba, ndivyo mzee alivyojua tangu azaliwe. Kijana aliingia, na wenzake wa stendi wakaingia nyuma yake na pikipiki zao kabla geti halijafungwa. Panga alikuwa nalo ndani ya jaketi.

Nilisikia kelele za wapishi kwanza. Mama alinipita mbio, mwili wake mzito na yale matope, sikujua ana mbio kiasi kile. Nilipofika nyuma ya jiko alikuwa ameshaishika kamba kwa mikono yote miwili, karibu na shingo ya fahali, na mwanawe amesimama mbele yake.

"Mama, wachilia hiyo kamba," alisema. "Hii ng'ombe ni yangu ya kuoa."

"Uwa mimi kwanza."

Aliinua panga. Mpaka leo naamini alikusudia kuikata kamba. Lakini panga halijui nia ya mtu. Liliteremka kwenye kamba na kwenye mkono wa mama pamoja, na vidole viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi. Mama aliutazama mkono wake, akamtazama mwanawe, na kile alichokiona kijana kwenye uso ule nadhani ndicho kilichomtia wazimu, kwa sababu aligeuka na kumkata fahali mguu wa nyuma, akarudia, akarudia tena, akilia kama mtoto na kusema kama si yake basi isiwe ya mtu. Fahali alikalia makalio. Alijaribu kusimama kwa miguu ya mbele, akaanguka, akajaribu tena, na alikuwa akinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa ng'ombe.

Mzee wa geti alikuwa amekuja mbio na mnyororo wa geti mkononi. Niliuchukua. Nilimpiga kijana mgongoni, panga likamtoka, nikampiga mabegani, akapiga magoti, nikampiga tena. Wenzake wa stendi walisimama wakitazama mwanamke mnene aliyevaa miwani akimtandika mwenzao, na hakuna aliyesogea. Nilimpiga mpaka mkono ukachoka. Wengine hapa wangesema walijuta. Mimi nilijisikia vizuri, nilikuwa nampigia mama yake na yule dada asiye na meno, na labda hata yule mwenye jogoo.

Halafu wasichana wakatoka. Shule ya wasichana ikiamka ni nyuki. Walikuja na mawe, na miguu ya viti, na miiko ya ugali waliyoinyakua jikoni. Watu wa bodaboda waliona yanayokuja wakaruka kwenye pikipiki zao. Mmoja hakuwahi kuwasha yake, akaruka ua, na pikipiki ikachomwa hapohapo pembeni ya choo cha walimu. Moshi wake mweusi ulionekana hadi kwenye foleni ya malori barabarani. Wasichana wakaja kwa kijana. Jiwe la kwanza lilimpata sikioni.

Nilipaza sauti waache. Sauti ile inayonyamazisha bwalo zima haikufika popote. Nilielewa kwamba mnyororo wangu ndio uliowaonyesha njia, na kwamba watamuua mbele yangu.

Aliyemwokoa ni mama yake. Alijitupa juu yake, mkono ule wa damu ukiwa umemfunika kichwa, na mawe yakamwangukia yeye. Yalimpata mgongoni na kiunoni kabla wasichana walio mbele hawajaona wanayempiga ni nani. Walipoona, waliangusha mawe na wengine wakaanza kulia. Nilimtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono mitupu, anamwangalia fahali.

Mchinjaji alifika na mpishi na ile kamba mpya, wakati polisi, walioufuata ule moshi, wanampandisha kijana kwenye gari. Alimchinja fahali palepale alipolala, kabla hajafa mwenyewe, maana mzoga hauliwi. Mimi nilikuwa nimeufunga mkono wa mama kwa kitambaa changu cha kichwa, na dereva alikuwa ameshawasha basi kumpeleka hospitali. Mama akakataa kupanda.

"Madam," alisema, "hiyo risiti iandike."

Nilimwambia twende hospitali kwanza, ng'ombe hajakadiriwa, na kwa kanuni za shule mnyama hupokelewa akiwa amesimama kwa miguu yake.

"Alikuja akisimama. Wewe ulimwona."

Niliandika. Niliegemeza kitabu kwenye mlango wa basi na kuandika bei ya fahali mzima, mzuri, mwekundu, wala sikumuuliza mchinjaji wala mwalimu mkuu. Mama aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaisoma polepole mpaka akaliona jina la binti yake, ndipo akapanda.

Siku ile shule nzima ilikula nyama. Nilijiona nimeshinda, na nilitembea na ushindi huo kwa siku kadhaa kama mtu aliyevaa nguo mpya. Hata habari za kituoni hazikunivunja moyo. Mama aliwaambia polisi alijikata mwenyewe akichanja kuni, hana kesi na mtu, na kijana akaachiliwa. Nilimtukana mama huyo peke yangu ofisini, kisha nikaacha. Ni mwanawe.

Binti alikuja kuniona wiki iliyofuata, kati ya masomo. Nilidhani amekuja kushukuru, nikamwambia akae, nikamwambia jina lake limeshapelekwa na mtihani ataufanya, hakuna wa kumgusa. Alikaa kwenye ncha ya kiti. Aliniuliza kama nimesikia kaka yake ametoka. Nikasema nimesikia.

"Madam, nyumbani ng'ombe imeisha," alisema. "Kitu imebaki ya kuleta ng'ombe ingine ni mimi. Kuna mtu wa Funyula ameshakuja kuongea na kaka mambo ya kunioa. Shule ikifungwa, nitaenda wapi?"

Nilimwambia aje kwangu.

"Mpaka lini, madam?"