Pini Upande wa Kushoto

Mtaani walimwita Bi Pindo, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata ulikanyage kwa kisigino. Mjane, umri umeshakwenda, hedhi ameisahau zamani. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa, na kopo la vifungo kwenye rafu. Ndani ya kopo hilo, chini kabisa, alificha vidonge vyake.

Jamani, mtu anaficha dawa kama anaficha bangi! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka uliopita alikatwa titi la kushoto. Wanawe aliwaambia anakwenda kumuuguza dada yake, kumbe dada ndiye aliyemuuguza yeye. Aliporudi alijishonea sidiria, upande wa kushoto akaujaza sponji na vipande vya vitambaa, akashindilia mpaka ukalingana na mwenzake. Kazi safi. Maisha yake yote alizungusha futi kwenye vifua vya wanawake, akiwaambia hapa tupunguze, hapa tuongeze. Leo chake kimepungua, amwambie nani? Aliona aibu, basi. Aibu isiyo na hoja, lakini aibu.

Daktari alimweleza taratibu kwamba hata hedhi ikikoma, mwili unaendelea kutengeneza homoni ya kike kidogo kidogo, na kansa ya aina aliyokuwa nayo inajilisha kwa homoni hiyo. Kidonge kimoja kila siku, kwa miaka, kinauzuia mwili usiitengeneze. "Usikatishe hata ukikichoka," alisema. "Ukikiacha unaipa kansa nafasi ya kurudi." Na kukichoka alikichoka kweli. Asubuhi vidole vilikakamaa, kutunga uzi kwenye sindano ikawa shughuli pevu, na joto lilimpanda ghafla mpaka shingo ikalowa. Akajikaza kisabuni, akameza.

Balaa lilianzia duka la dawa. Muuza dawa, dada wa watu hana hili wala lile, alipaza sauti toka kaunta: "Bi mkubwa, homoni zako hizi hapa!" Neno moja tu alilisahau: kuzuia. Na nyuma ya Bi Pindo alisimama jirani yake, muuza mitumba wanayemwita Redio, na jina hilo hakupewa bure. Haikufika jioni, mtaa mzima ukajua kwamba Bi Pindo anakunywa homoni ajirudishe usichana, eti ana bwana. Joto likimpanda mbele ya wateja, akijipepea kwa karatasi ya kukatia, wanakonyezana: "Damu inachemka hiyo!"

Neno lile moja lingemwokoa. Lakini angesema kuzuia, wangeuliza kuzuia nini, na kwa nini, na macho yote yangemshukia kifuani. Akaona bora aitwe mhuni kuliko aonekane ana pengo. Tena tusimsingizie utakatifu: siku nyingine walipomtania alitabasamu kidogo.

Tabasamu hilo lilimwisha siku bintiye alipokuja kupimwa gauni. Huyu alikuwa kitinda mimba wake, mwalimu wa chekechea, ameolewa ng'ambo ya soko. Aliingia amenuna, akavaa gauni lililoshikizwa nusunusu, akasimama mbele ya kioo bila salamu ya maana.

"Mama mkwe ananiuliza unaolewa lini," alisema. "Nimjibu nini, mama?"

Bi Pindo alikuwa na pini mdomoni, akashukuru kuwa nazo. Akaguna tu.

"Sasa unanigunia? Haya, ngoja nichague vifungo, niondoke zangu."

Bi Pindo alikumbuka kopo akiwa amechelewa. Binti alishaingiza mkono, na mkono ukatoka na boksi la dawa.

"Kumbe kweli! Mama! Umri huu!" Machozi yakamlengalenga. "Nilimgombeza Redio mbele za watu, nikamwambia mama yangu hayuko hivyo. Nilikutetea!"

Akatoka mbio mpaka chooni uani. Aliporudi alitupa boksi tupu mezani. Vidonge vyote vimekwenda shimoni.

Bi Pindo alilitazama boksi. Sema, mwanamke, sema! Alitamani ardhi ipasuke immeze, yeye na sponji yake. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye kioo, maana yake simama wima, akaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Akainua bega la gauni, akabana ubavuni. Joto likampanda, jasho likamwingia machoni. Akazitema pini zilizobaki kiganjani, na kwa vile mawazo hayakuwapo, akafanya alivyozoea akiwa peke yake chumbani: akazichomeka kifuani kwake, upande wa kushoto, moja baada ya nyingine, mpaka vikabaki vichwa tu.

Binti aliona kwenye kioo. Akapiga ukelele.

"Mama! Unajichoma!"

Bi Pindo akatazama chini. Pini zilikuwa zimejipanga pale, na hakuna hata tone la damu.

"Hapo hapaumi, mwanangu," alisema. Akafunika pini kwa kiganja, akageuza uso ukutani. "Naona haya. Usiniangalie."

Binti akamvuta mkono polepole, akaibonyeza ile sponji kwa kidole, kisha akaliangalia boksi mezani. Uso ukamshuka.

"Ni kansa?"

"Walishaitoa. Dawa ndiyo inaizuia isirudi."

"Na mimi nimezimwaga."

"Nilikuacha uzimwage. Nilikuwa na mdomo."

Binti alilinyakua boksi, akatoka hivyohivyo, gauni lina mkono mmoja na pini zinaning'inia, akashika njia ya duka la dawa. Bi Pindo akamfuata mpaka mlangoni. Redio alikuwa kibarazani kwake akikung'uta mashati, shingo ameshaigeuza.

"Wewe!" Bi Pindo aliita. "Sema ni dawa za kuzuia! Za kuzuia homoni, za kansa ya titi! Usisahau kusema kuzuia!"

Mtaa mzima ukasikia. Shati likabaki linaning'inia mkononi mwa Redio, macho yake yakashukia kifuani kwa Bi Pindo, na pini bado zilikuwa pale.